Tod Sloan: Mpanda farasi aliyefungiwa mlango wa kazi

Watu wa Pwani si wageni wa mashindano ya wanyama. Mbio za punda za Lamu wakati wa Maulidi zina sifa kote nchini, na kila aliyewahi kusimama kando ya bahari kuzitazama anajua kwamba ushindi si wa punda peke yake. Yuko kijana mwepesi mgongoni mwake, mwenye kujua lini amwache mnyama apumue na lini amhimize.

Kwa farasi mambo ni yayo hayo, ila fedha ni nyingi zaidi na fitina ni kubwa zaidi. Katika dini yetu mbio za farasi zina heshima yake, maana Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwashindanisha farasi mjini Madina. Lililoharamishwa ni kamari. Baina ya mambo hayo mawili, mbio na kamari, ndipo alipoangukia mtu tutakayemsimulia leo, Mmarekani Tod Sloan. Alikuwa mmoja wa wapanda farasi hodari kabisa ulimwenguni. Alipofikisha miaka ishirini na sita, watu wachache walikaa faraghani wakaamua kwamba leseni yake ya kazi isitolewe tena, na wala haikutolewa mpaka alipokufa.

Kisa chake kinafaa kusomwa na kila mtu ambaye amewahi kuulizwa cheti cha tabia njema kabla ya kupewa kazi.

Mtoto wa Indiana

Jina alilopewa alipozaliwa ni James Forman Sloan. Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1874 katika jimbo la Indiana, karibu na mji wa Kokomo. Alikuwa mtoto mdogo wa umbo, mwenye miguu mifupi mno, na kwa udogo huo akabandikwa jina la Toad, yaani chura. Baadaye yeye mwenyewe aliligeuza likawa Tod, na kwa jina hilo ulimwengu ulimjua.

Mamaye alifariki yeye akiwa na miaka kama mitano. Baba hakumlea, mtoto alitiwa mikononi mwa watu wengine, akakua kwa kuhangaika. Alifanya kazi za vibarua, akafuatana na watu waliokuwa wakirusha maputo makubwa ya hewa kwenye maonyesho ya vijijini. La ajabu ni kwamba kijana huyu aliyekuja kuwa bingwa wa farasi aliwaogopa farasi hapo mwanzo. Aliyemwingiza katika kazi hiyo ni ndugu yake Cassius, ambaye alikuwa mpanda farasi tayari.

Miaka yake ya awali haikuwa na sifa yoyote. Alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, na wenye farasi hawakumtaka. Bahati yake iligeuka huko California, katika miaka ya mwanzo ya 1890.

Kuinama shingoni

Wakati huo mpanda farasi aliketi wima kama mtu aliyekaa kitini. Vikuku vya kutilia miguu vilikuwa virefu, miguu imenyooka, na kifua kimesimama kuupinga upepo. Siku moja farasi alimtoroka Sloan mazoezini, na katika kujaribu kumzuia akajikuta amepanda mbele mpaka shingoni mwa mnyama, magoti juu, mwili umejikunja. Waliomwona walicheka. Yeye hakucheka. Aligundua kwamba katika hali ile farasi alikimbia kwa wepesi zaidi. Basi akafupisha vikuku, akajizoeza kuinama hivyo kwa makusudi.

Haki ya wengine isipotee hapa. Sloan hakuwa wa kwanza kupanda kwa vikuku vifupi. Wamarekani weusi, ambao ndio waliokuwa mabingwa wa mbio za farasi katika siku hizo, walikwisha kuzoea kupanda kwa namna hiyo. Mmoja wao, Willie Simms, alikwenda Uingereza mwaka 1895, akashinda huko mbele ya watu waliomdhihaki kwa mkao wake. Sifa ya Sloan ni kwamba aliukamilisha mkao huo na kuupeleka mbele ya ulimwengu mpaka hapakuwa na wa kuubisha.

Waingereza waliuita mkao wa tumbili. Kumbe tumbili alikuwa na akili. Mwaka 2009 wataalamu wa chuo cha waganga wa wanyama cha London walieleza kwamba mpanda farasi anayeinama hivyo huutenganisha mwili wake na mirindimo ya mnyama, hata farasi asilazimike kumnyanyua na kumshusha kila anapopiga hatua. Wakaonyesha pia kwamba muda wa mbio ulipungua kwa asilimia 5 hadi 7 katika miaka ile ile mkao huo ulipoenea. Siku hizi hakuna mbio za farasi, iwe Ngong jijini Nairobi au Dubai, ambamo wapandaji hawainami kama Sloan.

London yamfungulia milango

Baada ya kushinda sana New York, Sloan alivuka bahari kwenda Uingereza mwaka 1897. Mwaka uliofuata alirudi, akapanda farasi 98 na kushinda mara 43. Siku moja ya Septemba 1898, katika uwanja wa Newmarket, alishinda mbio tano mfululizo. Mwaka 1899 alipata ushindi mara 108. Mwaka huo huo alishinda mbio za 1000 Guineas kwa farasi Sibola, na mwaka 1900 alinyakua Kombe la Dhahabu la Ascot akiwa juu ya Merman, farasi wa mwigizaji mashuhuri Lillie Langtry.

Hata Derby ya 1899, ambayo hakuishinda, iliongeza jina lake. Alikuwa juu ya farasi wa Kifaransa, Holocauste, akikaribiana na Flying Fox aliyekuwa akitarajiwa na wote, ndipo mguu wa Holocauste ukavunjika njiani. Farasi huyo hakuinuka tena.

Wenye farasi waliokuwa wakimcheka sasa walimgombania. Ilitangazwa kwamba mwaka 1901 atapanda farasi wa mwana wa Malkia, yaani yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba. Kwa kijana aliyelelewa na wasio wazazi wake, hapakuwa na daraja ya juu zaidi ya hiyo.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sloan alianza kuishi kama mwana wa mfalme. Alikaa katika hoteli za ghali, akawa na mtumishi wake mwenyewe na masanduku kwa masanduku ya nguo. Ulimi wake ulikuwa mkali na heshima kwa wakubwa ilikuwa haba. Huko Ascot mwaka 1899 aligombana na mtumishi wa mezani akamjeruhi, na jambo lile likabidi limalizwe kwa fedha. Zaidi ya hayo, marafiki zake walikuwa wacheza kamari. Mmoja wao, George Smith wa Pittsburgh, alitajirika kwa kuweka dau, na mara nyingi dau hilo liliwekwa juu ya farasi aliyepandwa na Sloan.

Leseni ya mwaka mmoja

Hapa ni lazima msomaji aelezwe jinsi mambo yalivyoendeshwa. Mbio za farasi za Uingereza zilitawaliwa na chama kiitwacho Jockey Club. Kwa jina ungedhani ni chama cha wapanda farasi, walakini hakikuwa hivyo. Kilianzishwa mwaka 1750 na matajiri na mabwana wenye farasi, na mpanda farasi hakuwa mwenzao bali mtumishi wao. Kilikuwa chama cha watu binafsi, si idara ya serikali.

Kufikia mwaka 1880 hivi chama hiki kilikwisha kuweka sharti kwamba mtu hapandi farasi wa mbio bila ya leseni yake. Nia ilikuwa njema. Mpanda farasi akiwa mlaghai, anaweza kuzuia farasi kwa hatamu asishinde, na maelfu ya watu wakaibiwa bila kujua. Kwa hiyo wasimamizi walitaka kumjua mtu: anatoka wapi, anafuatana na nani, ana madeni, anaweka dau? Hadi leo hayo ndiyo maswali ya msingi ya kazi hiyo.

Lakini leseni yenyewe ilikuwa ya mwaka mmoja tu. Wasimamizi hawakuhitaji kumfukuza mtu. Walitosheka kutoitoa upya. Hakukuwa na hakimu, hakukuwa na rufaa, wala hakukuwa na muda uliowekwa ambao ukiisha mtu anarudi kazini.

Mwaka 1900, katika mbio za Cambridgeshire huko Newmarket, Sloan alimpanda Codoman, farasi kutoka Ufaransa. Alikuwa na hakika ya kushinda, naye akaweka dau lake mwenyewe. Inasimuliwa kwamba angepata zaidi ya pauni 60,000, mali isiyohesabika kwa siku hizo. Codoman alikuja wa pili. Farasi wa Ireland, Berrill, alimpita.

Kuweka dau kulikuwa ni marufuku kwa mpanda farasi, na wasimamizi walipata habari. Baada ya msimu kwisha, Sloan alijulishwa kwamba asijisumbue kuomba leseni ya mwaka 1901.

Adhabu isiyo na kipimo

Kosa lilikuwepo, na hilo tusilifiche. Sheria ilimkataza kuweka dau, naye aliweka. Aliyepewa amana ya kupanda farasi kwa niaba ya maelfu hana ruhusa ya kuifanya amana ile kuwa biashara yake. Hata hivyo, ni muhimu kukumbuka kwamba aliweka dau farasi wake ashinde. Hakushtakiwa kumzuia mnyama wala kumuuza.

Linganisha na mwenzake Lester Reiff, Mmarekani pia, aliyekuwa bingwa wa wapandaji wa Uingereza mwaka 1900. Mwaka 1901 Reiff alishinda Derby juu ya Volodyovski, na mwaka huo huo akapigwa marufuku. Yeye alishutumiwa kwa jambo linalojulikana, mbio moja katika uwanja wa Manchester, ambamo ilisemwa hakumpanda farasi wake kwa nia ya kushinda. Kwa Sloan, dau la Codoman lilikuwa sababu, lakini nyuma yake palikuwa na mrundo wa mambo mengine: majivuno, marafiki, ugomvi, uvumi. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo yafaa barazani. Ikiwa ndiyo mizani ya kumnyima mtu riziki, ni hatari kubwa.

Na adhabu haikuishia Uingereza. Wakuu wa mbio wa Marekani waliiheshimu hukumu ya wenzao, na Ufaransa kadhalika. Chama cha watu binafsi cha London kikawa kimemfungia mtu milango ya dunia nzima. Sloan aliomba kurudishiwa leseni akakataliwa, akaomba tena akakataliwa. Muuaji hupangiwa miaka yake gerezani. Sloan hakupangiwa mwaka hata mmoja, kwa hiyo hakuwa na siku ya kuingojea.

Miaka ya kutangatanga

Aliishi miaka thelathini na mitatu baada ya hapo, na hakuna kazi nyingine iliyomshika. Alijaribu kuendesha ukumbi wa mchezo wa biliadi New York. Mwaka 1907 alimwoa Julia Sanderson, mwigizaji, na mwaka 1913 wakaachana. Mwaka 1911 alishiriki kuanzisha baa moja mjini Paris, lakini madeni yakamtoa. Baa hiyo ilinunuliwa mwaka 1923 na mhudumu wake wa zamani, Harry MacElhone, nayo ingali mashuhuri kwa jina la Harry. Wanaoijua kwa jina la Sloan ni wachache.

Mwaka 1915, vita vikiwa vimepamba moto, alifukuzwa Uingereza kwa kuendesha nyumba ya kamari. Wenye kumchukia walisema hilo linathibitisha kwamba wasimamizi walimjua tangu zamani. Huenda. Lakini mtu mwingine anaweza kuuliza: ukimfungia fundi karakana yake, ukamwacha na ujuzi wa kamari tu, unategemea atakula nini?

La kusikitisha zaidi ni kwamba wakati yeye anatangatanga, wengine walikuwa wakila matunda ya mti wake. Waingereza waliomcheka walikuwa wote wameanza kuinama shingoni mwa farasi. Jukwaani New York, mwaka 1904, George M. Cohan alionyesha mchezo wa kuigiza kuhusu mpanda farasi wa Kimarekani anayesingiziwa ulaghai huko Uingereza, na mwisho jina lake linasafishwa. Kila mtu alijua kwamba anayeigizwa ni Sloan. Katika mchezo alisafishwa. Katika maisha hakusafishwa.

Alifia Los Angeles tarehe 21 Desemba 1933 kwa maradhi ya ini, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Mamilioni yote yaliyopita mikononi mwake yalikuwa yamekwisha. Mwaka 1955, miaka ishirini na miwili baada ya kifo chake, Wamarekani waliliingiza jina lake katika Jumba la Mashujaa wa mbio za farasi.

Mambo yalivyobadilika

Je, baada ya Sloan ukaguzi wa tabia uliachwa? Kinyume chake, uliongezwa. Mwaka 1946 viwanja vya Marekani vilianzisha kikosi chao cha upelelezi, kikiongozwa na Spencer Drayton aliyetoka katika idara ya upelelezi ya FBI. Watu wa mazizi wakachukuliwa alama za vidole, na kuanzia 1947 hata farasi wakachanjwa namba ndani ya mdomo ili wasibadilishwe. Siku hizi, katika majimbo ya Marekani, mwenye farasi, mkufunzi, mpandaji, na hata saisi anayefagia zizi na kumwogesha mnyama, wote hutakiwa leseni, na kwa kawaida alama zao za vidole hupelekwa kutazamwa kama wana rekodi ya uhalifu. Tangu tarehe 1 Julai 2022 ipo pia mamlaka ya taifa zima ambayo wahusika wa mbio hulazimika kujiandikisha kwayo.

Kilichobadilika ni jambo jingine, nalo ni kwamba mkaguzi naye alitiwa chini ya sheria. Huko New York mwenye farasi mmoja, Jule Fink, alinyimwa leseni kwa sababu ya kufuatana na watu wa kamari. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1951 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikaamua kwamba serikali haiwezi kukabidhi chama cha watu binafsi uwezo wa kutoa na kunyima leseni. Kazi hiyo ikawa ya serikali.

Uingereza nayo ilipata fundisho lake kutoka kwa mwanamke. Florence Nagle alikuwa mkufunzi wa farasi kwa miaka mingi, lakini Jockey Club kilimnyima leseni kwa kuwa ni mwanamke, na farasi aliowafunza wakawa wanaandikishwa kwa jina la mtumishi wake wa kiume. Mwaka 1966 Mahakama ya Rufaa, akiwemo jaji Lord Denning, ilikubali kwamba ana haki ya kusikilizwa, kwani chama kinachotawala kazi nzima hakiwezi kumzuia mtu kufanya kazi hiyo kwa matakwa yake tu. Chama kikasalimu amri, leseni ikatolewa. Hatimaye, mwaka 2006, Jockey Club chenyewe kiliuacha usimamizi wa mbio, na tangu 2007 kazi hiyo iko mikononi mwa mamlaka nyingine, ambamo anayenyimwa leseni ana njia ya kukata rufaa.

Nasi tuna hisa katika jambo hili. Kijana wa Mombasa, Malindi au Lamu anayetafuta kazi ya ulinzi, au anayetaka kwenda Ghuba, hupigwa alama za vidole aletewe cheti cha tabia njema. Wengi hulalamika, na pengine wana haki kulalamikia usumbufu. Walakini kumchunguza mtu kabla ya kumwamini si jambo la kizungu. Makadhi wa zamani walikuwa na watu maalumu wa kuulizia tabia za mashahidi kabla ya ushahidi wao kupokewa. Waliuliza kwa majirani, waliuliza sokoni, na shahidi akikataliwa, kukataliwa kulikuwa na sababu. Tena wanazuoni wengi walikubali kwamba aliyetubu na kutengenea aweza kurudi kuaminiwa.

Hilo la mwisho ndilo lililokosekana katika kisa cha Sloan. Ukaguzi wenyewe ulikuwa wa haki na dau lake lilikuwa kosa. Lakini mlango ulipofungwa haukuachiwa ufunguo. Mtu alikuwa na kosa lenye ukubwa wa msimu mmoja, pengine miwili au mitatu, akalilipa kwa umri wake wote.

Watu wa mitaa ya London wana desturi ya kuficha maneno kwa majina yenye vina. Kwa kuwa Sloan lilifanana kwa sauti na neno lao la kuwa peke yako, walianza kumwambia mtu aliyeachwa pweke kwamba yuko kwa Tod wake. Neno hilo latumika Uingereza mpaka hivi leo, na wengi wanaolitamka hawajui kwamba Tod alikuwa mtu, wala kwamba siku moja aliwafundisha wapanda farasi wa dunia nzima jinsi ya kukaa.